Dawa za moyo kwa wenye kisukari: Bei ya kidonge si gharama ya mwezi

MGONJWA wa kisukari ambaye moyo wake umeanza kumsumbua, akitoka chumba cha daktari katika hospitali ya wilaya ya Nachingwea au ya Ruangwa, mkoani Lindi, aghalabu hubeba cheti chenye dawa za aina nne hadi sita. Moja au mbili ni za kushusha sukari. Zilizobaki ni za kushusha shinikizo la damu, kupunguza lehemu, kutoa maji yaliyozidi mwilini au kuzuia damu isigande. Dawa hizo si za wiki moja kama za malaria. Hutafutwa kila mwezi, na kwa walio wengi hutafutwa maisha yote.

Cheti hichohicho kinaweza kumgharimu mgonjwa fedha kidogo au fedha nyingi bila ugonjwa wake kubadilika hata kidogo. Tofauti hutokana na jina la dawa lililoandikwa, idadi ya vidonge kwa siku na mahali dawa inapochukuliwa. Hutokana pia na jambo ambalo wengi hawaliulizi: iwapo kila dawa iliyoandikwa inahitajika kweli.

Suala hili haliwahusu wakazi wa wilaya hizo mbili peke yao. Wapo wafanyakazi na wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Mtwara na Lindi mjini ambao wazazi wao wako Nachingwea au Ruangwa, na kila mwisho wa mwezi hutuma kwa simu "fedha za dawa za mzee". Mara nyingi mtumaji hajui fedha hizo zimenunua nini, na mpokeaji hajui kama palikuwapo na dawa nyingine ya bei nafuu yenye kazi ileile.

Kisukari na maradhi ya moyo ni ndugu wa tumbo moja. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi huharibu kuta za mishipa, kubwa na ndogo, na mishipa iliyoharibika ndiyo inayoleta mshtuko wa moyo, kiharusi na figo kushindwa kufanya kazi. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta kuwa kiasi cha asilimia 9 walikuwa na sukari iliyozidi, na karibu asilimia 26 walikuwa na shinikizo kubwa la damu. Makundi hayo mawili hupishana, na mtu aliyemo katika yote mawili ndiye mwenye cheti kirefu kuliko wote.

Umuhimu wa dawa za shinikizo kwa mgonjwa wa kisukari ulithibitishwa nchini Uingereza mwaka 1998, yalipochapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao UKPDS. Katika sehemu yake iliyohusu wagonjwa 1,148 wenye kisukari na shinikizo, wale ambao shinikizo lao lilidhibitiwa kwa ukali zaidi walipata kiharusi pungufu kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na kisukari vilipungua kwa asilimia 32. Kwa maneno mengine, mgonjwa anayemeza vidonge vya sukari lakini akaacha vya shinikizo kwa sababu "pressure haimuumi" amebana matumizi mahali pasipostahili.

Hesabu ya gharama za kisukari nchini Tanzania nayo si mpya. Mwaka 1992 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti uliofanyika Muhimbili, Dar es Salaam, kati ya mwaka 1989 na 1990. Watafiti walikuta kuwa kumtunza mgonjwa anayehitaji insulini kuligharimu wastani wa dola 287 za Marekani kwa mwaka, na asiyehitaji insulini dola 103. Kichwa cha makala yao kiliuliza iwapo ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua barani Afrika. Wakati huo dawa nyingi za moyo zinazoandikwa leo zilikuwa bado mali ya kampuni moja moja na bei yake haikuwa ya kufikirika kwa mkulima. Jambo hilo ndilo lililobadilika zaidi tangu wakati huo.

Kila dawa ina majina mawili. Jina la kwanza ni la kitaalamu, linalotaja kiini chenyewe kinachotibu, kama vile kaptoprili, amlodipini au atovastatini. La pili ni la kibiashara, ambalo kampuni huliandika kwa herufi kubwa kwenye boksi: Capoten, Norvasc, Lipitor. Kampuni iliyogundua dawa hupewa hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake kwa miaka kadhaa. Hataza inapokwisha, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza, na bei huporomoka. Hataza kuu ya Lipitor, dawa ya lehemu iliyowahi kuongoza kwa mauzo duniani, ilikwisha nchini Marekani mwaka 2011. Leo kiini hicho hutengenezwa na viwanda vingi, hasa vya India, nchi ambako sehemu kubwa ya dawa zinazotumika Tanzania hutoka.

Hivyo mgonjwa anayeuziwa dawa kwa jina la biashara la kampuni ya awali anaweza kulipa mara kadhaa zaidi ya jirani yake aliyeuziwa kiini kilekile kwa jina la kitaalamu. Kinachopaswa kuangaliwa ni kwamba dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo hadi mwaka 2019 ilijulikana kama TFDA. Dhana kuwa "ya bei rahisi haiponyi" imewagharimu wengi fedha, na pengine imewagharimu zaidi ya fedha, kwa sababu aliyeshindwa kununua ile ya gharama huishia kutonunua kabisa.

Kosa la pili katika kulinganisha bei ni kuangalia kidonge kimoja. Chukua kundi la dawa zinazolegeza mishipa na kulinda figo, ambalo madaktari hulipa kipaumbele kwa wagonjwa wa kisukari, hasa mkojo unapoonyesha protini. Kundi hilo lina kaptoprili, enalaprili na lisinoprili. Kaptoprili, ambayo kiini chake kilibuniwa kutokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil, ndiyo kongwe zaidi, na kidonge chake aghalabu ni cha bei ya chini. Lakini nguvu yake huisha haraka, hivyo huandikwa mara mbili au tatu kwa siku, wakati lisinoprili humezwa mara moja.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kidonge cha kaptoprili ni shilingi 60 na cha lisinoprili ni shilingi 150. Anayeonekana kupata nafuu ni wa kaptoprili. Lakini akimeza mara tatu kwa siku atahitaji vidonge 90 kwa mwezi, sawa na shilingi 5,400. Mwenzake wa lisinoprili atahitaji vidonge 30, sawa na shilingi 4,500. Zaidi ya hapo, mtu anayetakiwa kumeza dawa mara tatu, akiwa shambani asubuhi na mchana, ataruka dozi kuliko anayemeza mara moja kabla ya kutoka nyumbani. Bei za duka lolote zaweza kutofautiana na hizo, na pengine zikampa ushindi kaptoprili. La msingi ni kwamba kinacholinganishwa ni gharama ya siku 30, kwa dozi iliyoandikwa.

Hali ni hiyo pia kwa nifedipini ya kuyeyuka polepole, inayomezwa mara mbili kwa siku, na amlodipini, ya mara moja. Zote ni za kundi moja na hushusha shinikizo kwa njia ileile.

Baadhi ya wagonjwa hupata kikohozi kikavu wanapotumia kaptoprili na ndugu zake. Hao huhamishiwa losatani, ambayo hulinda figo kwa namna inayokaribiana na hiyo bila kukohoza. Losatani ilikuwa ghali enzi za hataza yake. Sasa nayo hutengenezwa na viwanda vingi. Mgonjwa anayekohoa akiendelea kununua dawa ya kifua kila wiki badala ya kumweleza daktari, analipia dawa mbili kwa kosa la moja. Amlodipini nayo ina mtego wa aina hiyo. Huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu, na uvimbe huo ukidhaniwa kuwa ni maji ya moyo au figo, mgonjwa huongezewa dawa ya kukojosha ambayo hakuihitaji. Cheti hurefuka kwa kidonge cha kutibu kidonge.

Je, dawa mpya na za gharama ni bora kuliko za zamani? Jibu lililopatikana katika tafiti kubwa ni kwamba kwa shinikizo la damu, mara nyingi si hivyo. UKPDS iliyotajwa hapo juu ililinganisha kaptoprili na atenololi, dawa nyingine kongwe, na kukuta kuwa zilikinga madhara ya kisukari kwa kiwango kisichotofautiana. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya ALLHAT, utafiti wa Marekani na nchi jirani uliohusisha zaidi ya watu 33,000 wenye shinikizo, zaidi ya theluthi yao wakiwa na kisukari. Dawa ya kukojosha, ya kundi la zile ambazo bendrofluazidi inazojulikana sana Tanzania ni mojawapo, haikushindwa na amlodipini wala lisinoprili katika kuzuia mshtuko wa moyo, ingawa ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote na ilipandisha sukari kidogo.

Hayo hayana maana kwamba daktari anaweza kuchagua kwa bei peke yake. Atenololi na jamaa zake huficha mapigo ya haraka na mtetemeko unaomwonya mgonjwa kuwa sukari yake imeshuka mno. Onyo linalobaki ni jasho. Mtu anayetumia insulini au glibenklamidi anapaswa kuambiwa hivyo. Mwenye moyo uliochoka kusukuma damu, au aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, ana sababu nyingine za kupewa dawa fulani hata kama si nafuu. Aidha, kaptoprili, lisinoprili na losatani hudai kipimo cha damu cha figo na madini ya potasiamu, hasa mwanzoni, na gharama ya kipimo hicho, pamoja na nauli ya kukifuata, ni sehemu ya bei ya dawa ingawa haiandikwi kwenye boksi. Dawa hizo hazifai kabisa kwa mwanamke mjamzito.

Dawa ya lehemu ndiyo mara nyingi huachwa kwanza mkoba unapokuwa mwepesi, pengine kwa sababu mgonjwa haoni wala hasikii lehemu. Kwa mwenye kisukari huenda ni uamuzi mbaya. Utafiti uitwao CARDS, uliotoa matokeo mwaka 2004, uliwapa wagonjwa wa kisukari wasio na historia ya ugonjwa wa moyo atovastatini ya miligramu 10 kwa siku. Ulisimamishwa takriban miaka miwili kabla ya wakati kwa sababu manufaa yalikuwa yamedhihirika: matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 37, na kiharusi kwa asilimia 48. Dozi hiyo ni ndogo, na ndiyo inayogharimu kidogo.

Aspirini ni kinyume chake. Ni dawa ya bei ya chini kabisa katika cheti, na kwa hiyo hakuna anayeihoji. Kwa mgonjwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi cha damu kuganda, nafasi yake haina ubishi. Lakini kwa mwenye kisukari ambaye hajawahi kupata hayo, utafiti wa ASCEND wa mwaka 2018, uliohusisha watu 15,480, ulionyesha kuwa aspirini ilipunguza matukio ya moyo na mishipa kutoka asilimia 9.6 hadi 8.5, huku ikiongeza kuvuja damu kwingi kutoka asilimia 3.2 hadi 4.1. Faida na hasara zilikaribia kutoshana. Hapa mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari kama kidonge hicho kina kazi kwake.

Kisha kuna dawa mpya za kisukari ambazo zimeonekana kulinda moyo na figo moja kwa moja. Empagliflozini, katika utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha wagonjwa wapatao 7,020 wenye kisukari na ugonjwa wa moyo, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 38. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa hiyo, na dapagliflozini kama mbadala wake, katika orodha ya dawa muhimu. Hizi ndizo zinazoweza kugeuza cheti cha bei ya kawaida kuwa mzigo. Hata hivyo njia iliyopitiwa na atovastatini inaonekana kurudiwa: hataza ya dapagliflozini nchini India ilikwisha mwaka 2020 na ya empagliflozini Machi 2025, na viwanda vya huko vikaanza kushindana kwa bei. Aliyeambiwa miaka mitatu iliyopita kuwa dawa hizo haziwezekani kwake ana sababu ya kuuliza upya.

Tukiacha aina za dawa, linabaki suala la mahali zinapopatikana. Nachingwea iliwahi kuwa na reli, iliyojengwa kutoka upande wa Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Mradi ulikufa na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo boksi la dawa, kama ilivyo kwa gunia la saruji, hufika kwa barabara. Vituo vya umma vya Lindi hupata dawa kutoka Bohari ya Dawa, MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, kupitia kanda yake ya Mtwara. Dawa ikikosekana MSD, kituo huweza kununua kwa msambazaji binafsi aliyeidhinishwa, chini ya utaratibu wa mshitiri uliojulikana kama Jazia, ulioanza Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambazwa mikoa mingine.

Mwongozo wa taifa wa matibabu hupanga kila dawa kwa ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya mkoa na S ni ya wataalamu bingwa. Mpangilio huo ndio unaoeleza kwa nini mtu wa kijiji chenye zahanati nzuri bado hulazimika kupanda bodaboda kwenda mjini Nachingwea au Ruangwa. Dawa yake haikuibwa wala haikuisha. Haikupangiwa kufika pale. Gharama ya kwenda na kurudi inaweza kuzidi bei ya vidonge vyenyewe. Kwa mgonjwa huyo, kupewa dawa za miezi miwili au mitatu kwa safari moja, pale hali yake inapokuwa imetulia, ni punguzo kubwa kuliko duka lolote linavyoweza kumpa.

Duka la dawa muhimu lililo karibu halitatui tatizo hilo sana. Maduka hayo, ambayo mpango wake ulianzia mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, huruhusiwa kuuza dawa zilizo katika orodha maalumu tu. Kwa dawa nyingi za moyo mgonjwa huhitaji famasi yenye mfamasia. Wengine hupita Nanganga na kwenda hospitali ya Ndanda, ya wamisionari Wabenediktini, iliyoko mkoa jirani wa Mtwara, ambako huduma ni ya rufaa lakini safari ni ndefu zaidi.

Upande wa malipo, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanapaswa kutibiwa bure katika vituo vya umma, kama Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilivyoelekeza. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, CHF, ulipangwa kwa kaya ya hadi watu sita kuchangia shilingi 30,000 kwa mwaka, na huduma kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, wana wigo mpana zaidi, pamoja na maduka ya dawa yaliyosajiliwa na mfuko. Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Lakini kadi na msamaha vina udhaifu mmoja unaofanana: dirisha la dawa likiwa tupu, mwenye msamaha huandikiwa akanunue nje, na nje hakuna msamaha.

Serikali haikulala katika jambo hili. Programu ya taifa ya kuzuia na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza ilizinduliwa Novemba 2019 na Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu na mbunge wa Ruangwa. Hata hivyo kupatikana kwa dawa hizo vijijini ni tatizo la nchi nyingi maskini. Utafiti uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2016, uliofanyika katika nchi 18, Zimbabwe ikiwamo, uliangalia dawa nne za moyo: aspirini, atenololi na jamaa zake, kaptoprili na jamaa zake, na dawa ya lehemu. Katika nchi za kipato cha chini, ukiondoa India, dawa zote nne zilipatikana kwa pamoja katika asilimia 25 tu ya maeneo ya mijini na asilimia 3 ya vijijini. Asilimia 60 ya kaya hazikuwa na uwezo wa kuzilipia.

Uwezo hupimwaje? Shirika la Afya Duniani na taasisi ya Health Action International walitoa mwaka 2003 mwongozo unaotumia kipimo rahisi: mtumishi wa serikali wa mshahara wa chini kabisa atafanya kazi siku ngapi ili alipie dawa za mwezi mmoja. Kima cha chini cha watumishi wa umma Tanzania kilipandishwa hadi shilingi 500,000 kuanzia Julai 2025, yaani takriban shilingi 16,700 kwa siku. Cheti cha shilingi 30,000, kwa mfano, ni mshahara wake wa chini ya siku mbili.

Lakini kipimo hicho kinawapendelea walio kwenye orodha ya mishahara. Amri ya mishahara ya sekta binafsi ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, sawa na takriban shilingi 5,400 kwa siku ya kazi. Kwa kibarua wa kima hicho cheti kilekile kilikuwa jasho la siku tano na nusu. Naye mkulima wa ufuta au korosho, ambaye ndiye mgonjwa wa kawaida wa Nachingwea na Ruangwa, hana mshahara wa siku hata mmoja. Ufuta humpa fedha katikati ya mwaka, korosho humpa kuanzia Oktoba na kuendelea, na malipo hupitia chama cha msingi baada ya mnada. Kati ya Februari na Aprili, wakati wa kupalilia, mfuko huwa mtupu. Kisukari hakina msimu.

Mgonjwa aliyebanwa hivyo hufanya mambo yanayoeleweka kibinadamu lakini ya hatari: humeza kidonge siku moja na kuacha siku ya pili, hugawana na mwenzi wake mwenye "pressure", au huacha dawa zote akingoja mnada. Kuacha ghafla atenololi na jamaa zake kunaweza kuamsha maumivu makali ya moyo au mshtuko, hasa kwa aliye na mishipa ya moyo iliyoziba. Ikibidi dawa ipunguzwe, daktari ndiye wa kusema ianze ipi. Kumweleza wazi kuwa fedha haitoshi kuna manufaa kuliko kurudi kliniki na shinikizo la juu, kwa sababu daktari asiyejua kuwa dawa haikumezwa atadhani imeshindwa kazi, naye ataongeza nyingine.

Ipo nafuu ndogo ambayo wafamasia huijua na wagonjwa wachache huiuliza. Kidonge cha miligramu 10 cha amlodipini aghalabu hakiuzwi mara mbili ya kile cha miligramu 5. Kikiwa na mstari katikati, daktari au mfamasia anaweza kuruhusu kikatwe nusu. Vidonge vya kuyeyuka polepole, kama nifedipini ile ya mara mbili kwa siku, havikatwi wala kutafunwa, kwani dawa ya saa kumi na mbili huingia mwilini kwa mkupuo na kuangusha shinikizo kwa ghafla.

Kwa anayetuma fedha kutoka mjini, picha ya cheti iliyopigwa kwa simu inafaa kuliko ujumbe wa "dawa zimeisha". Kwa picha hiyo anaweza kuulizia katika famasi mbili au tatu, kwa jina la kitaalamu, kwa dozi na kwa hesabu ya mwezi mzima, kabla ya kuamua kama atume fedha au anunue mwenyewe na kupakia kwenye basi la kusini. Akinunua, tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe kabla ya kuondoka dukani, na dawa zibaki katika pakiti zake zenye majina. Vidonge vingi hustahimili safari hiyo vikiwekwa mbali na jua na joto la injini. Insulini haistahimili, bila boksi la barafu, tena isigusane na barafu yenyewe, ni afadhali inunuliwe hukohuko Nachingwea au Ruangwa hata kama bei imezidi.